Tumbo Halisomi Ratiba

Miaka kumi na tisa nimeshika taa
stesheni ya Tabora, pale reli zinapoachana,
moja kwa Mwanza, moja kwa Kigoma,
na miaka yote hiyo nimekula kwa treni.

Ya Kigoma ikiingia saa nane za usiku
na magunia ya dagaa, na harufu ya mawese,
Mama Nyanzala hufunua sufuria,
nami juu ya ndoo iliyopinduliwa
hufinyanga tonge kwa mwanga wa taa ya kijani.
Ikichelewa, nami nachelewa.
Ikikwama Malagarasi, nashinda njaa hadi kukuche,
kisha nalipa deni lote kwa mkupuo.

Nani angenilaumu? Mtu yuko kazini,
ugali wa moto, baridi ya Julai inang'ata masikio.

Kisha kiu.
Kisha kuamka, kutoka, kurudi, kutoka.
Nyamizi akasema, "Mume wangu, chooni umefungua ofisi?"
Kisha sisimizi wakapanga mstari
nyuma ya kibanda cha taa,
pale nilipokuwa nikijisaidia.

Kitete wakanitoboa kidole.
Nesi Kalunde, binti mdogo, miwani imefungwa uzi,
hakuniuliza nakula nini.
Aliuliza, "Unakula saa ngapi?"
Nikamtajia treni.
Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Akachora duara nyuma ya kadi yangu.
"Baba, wenye ratiba wanaianza siku usiku wa manane,
watu wamelala, sijui wanamhesabia nani.
Sisi tunaanza jua likishatoka.
Sare yako ni ya shirika, mwili wako ni Mswahili:
saa moja anafungua duka,
saa sita anapokea mizigo kwa mikono miwili,
saa kumi na mbili anashusha mlango.
Wewe unagonga saa nane za usiku
na gunia begani.
Anapokea, atakukimbilia wapi?
Ila hapangi rafuni.
Sukari anaiacha koridoni, inamwagika."

Sasa nakula saa kumi na moja jioni,
jua bado liko juu ya mabati ya Isevya,
mlenda, tonge la mtama kama ngumi,
nusu ya mgebuka.
Nakula na wanangu. Sikuwa najua
nani kati yao hugombea ukoko.
Shija ananitazama nikitafuna
kama anayetazama mgeni wa mama yake.

Usiku nabeba chupa ya maji.
Njaa inakuja saa nane kamili,
treni pekee ninayoijua isiyochelewa.
Inapiga honi ubavuni.
Naionyesha taa nyekundu.
Inasimama. Inatweta. Haiondoki.

Juzi sikuweza.
Mvua, behewa limetoka relini, abiria wanatukana,
Mama Nyanzala akanikaangia bila kuulizwa
na mimi nikala wima kama mwizi,
nikaramba mawese hadi kwenye kiwiko,
na wala sikujuta, mpaka asubuhi.
Kile kimashine cha Kitete kina umbea.
Nesi akaandika namba, akaipigia mstari,
akaita, "Anayefuata."

Leo zamu imekwisha.
Saa ya stesheni inasema sifuri saba,
nami natembea na taa iliyozimwa
kuvuka soko ambalo ndiyo kwanza linatandika maturubai.
Nyumbani Nyamizi anamimina uji.
"Saa ngapi?" namuuliza.
Anatazama mlangoni, hatazami ukutani.
"Saa moja."

Mkono wake unaelekea kopo la sukari,
unasita,
unarudi na chumvi kidogo kwenye ncha za vidole.
Anasubiri nionje.